Wanaosema Wanavijiji Hawawezi

Kibera si mtaa mmoja. Ni Lindi, Kianda, Laini Saba, Gatwekera, Silanga, Mashimoni na wenzake, na kila kimoja wenyewe hukiita kijiji. Mathare ni vivyo hivyo, na Mukuru. Mwaka 1996, wakazi wa Nairobi waliochoka kuamshwa na tingatinga walipoamua kujitetea kwa pamoja, walijiita Muungano wa Wanavijiji. "Mabanda" ni neno la anayetazama akiwa barabarani. Aliye ndani anajua nani mwenye ploti, nani mweka hazina wa chama, nani amefiwa wiki hii na mchango unapelekwa nyumba gani.

Naanza na majina hayo kwa sababu karibu kila hoja inayotolewa dhidi ya wakazi kuongoza wenyewe kazi ya kuboresha mitaa yao hutoka kwa mtu aliyeyaona mabati lakini hakukiona kijiji. Wanaozitoa hoja hizo si wabaya wote. Wamo wahandisi, wamo wawakilishi wa wadi, wamo rafiki zangu. Ila hoja hizi zimewagharimu watu nyumba zao, kwa hiyo zinastahili kujibiwa moja baada ya nyingine. Baadhi hazina uzito. Mbili za mwisho zinao kuliko zote, na hizo zimenikosesha usingizi.

"Hao ni wapita njia, leo wako hapa kesho wamerudi kwao." Hili halihitaji maneno mengi. Viwandani, kimojawapo cha vijiji vitatu vikubwa vya Mukuru, kimepakana na Eneo la Viwanda la Nairobi kwa sababu mtu anayelipwa kwa siku hana budi kufika kazini kwa miguu. Wapangaji huhama chumba, ni kweli, kodi ikipanda au paa likivuja. Lakini mara nyingi ni kuhama kutoka uchochoro huu hadi ule, na mtoto anabaki shule ile ile, mama anabaki katika chama kile kile. Huko si kupita njia.

"Hawana pesa, watachangia nini?" Hapa tupige hesabu. Kwa miaka mingi mtungi wa lita 20 katika vijiji vya Nairobi umeuzwa kati ya shilingi 2 na 5 maji yakiwapo, na bei huruka mara kadhaa yakikatika. Mita moja ya ujazo ni mitungi 50. Kwa shilingi 5 kila mtungi, hiyo ni shilingi 250. Mwenye nyumba ya Kilimani au Lavington, mwenye mita yake na bomba jikoni, hutozwa sehemu ndogo tu ya hizo kwa maji ya mji ule ule, na wala hayabebi. Ongeza choo cha kulipia, ambako kila kwenda ni shilingi kadhaa kwa kila kichwa nyumbani. Ongeza stima ya kuungwa kando, inayolipwa kila mwezi kwa mtu asiyetoa risiti na asiyewajibika waya ukiunguza nyumba. Watafiti waliofanya kazi Mukuru wameliita jambo hili adhabu ya umaskini, na hawakutia chumvi: maskini hulipa zaidi na kupata kilicho duni.

Kwa hiyo pesa zipo na zinatoka kila siku. Swali ni zinakwenda kwa nani. Leo zinakwenda kwa makateli ya maji na stima, na hakuna hata shilingi moja inayorudi kuwa bomba. Vikundi vya akiba vya Muungano vilianzia hapo hapo: mweka hazina hupita mlango hadi mlango, anachukua alichonacho mtu siku hiyo, anaandika kitabuni. Kiasi hicho hakijengi nyumba, na hakuna aliyedai kinajenga. Kinajenga kumbukumbu ya kwamba mtu fulani wa kijiji fulani huweka na hulipa, kumbukumbu ambayo benki haina kumhusu kwa sababu hana hati ya kuweka rehani. Juu ya kumbukumbu hiyo ndipo ilipowezekana mwaka 2003 kuanzisha Akiba Mashinani, mfuko unaokopesha vikundi hivyo kwa nyumba na ardhi.

Kisha kuna dai linalotolewa kwa upole, mara nyingi na watu wenye shahada: kupanga mji ni kazi ya wataalamu, mkazi ataulizwa maoni, inatosha. Nauliza, wataalamu walijua nini? Kwa miaka mingi dunia nzima iliambiwa Kibera ina watu milioni moja. Takwimu hiyo iliandikwa magazetini, ikasomwa katika hotuba, ikawekwa kwenye maombi ya fedha. Sensa ya mwaka 2009 ilipohesabu, ikapata 170,070. Hata ukidai kwamba wengi hawakuhesabiwa, huwezi kufika kwenye milioni. Mwaka huo huo, vijana wa Kibera waliofundishwa kutumia vifaa vya GPS walianza kuchora ramani ya mtaa wao, kwa sababu kwenye ramani zilizokuwapo palikuwa karibu patupu. Kazi hiyo, Map Kibera, iliweka njia, shule, zahanati, mabomba na vyoo mahali vilipo. Mwaka 2011 wakazi wa Tandale, Dar es Salaam, walifanya vivyo hivyo pamoja na wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi, na kuanzia 2015 mradi wa Ramani Huria ukaipeleka kazi hiyo katika kata nyingine za jiji, hasa zile zinazofurika maji ya mvua.

Sisemi mhandisi hahitajiki. Mwinuko wa bomba la majitaka haupimwi kwa kura. Ninachosema ni kwamba mhandisi aliyekuja bila mkazi hajui maji husimama wapi baada ya mvua ya usiku, wala ni uchochoro upi ambao wanawake hawaupiti baada ya saa moja jioni, na kwa hiyo choo kikiwekwa huko hakitatumika. Ujuzi huo haumo katika mtaala wowote, na mradi usiokuwa nao humwaga saruji mahali pasipofaa.

Dai linalofuata nalipa uzito zaidi: "Mkiwapa wakazi uongozi, wakubwa wa mtaa wataunyakua. Wenye ploti watakula, wapangaji watabaki hivyo hivyo." Anayesema hivi anazijua siasa za vijiji. Nimekaa katika baraza ambako wanaume watatu walisema kwa niaba ya watu mia tatu, na kila mtu akatikisa kichwa kukubali kwa sababu mmoja wao ndiye mwenye chumba anacholala. Hatari hii ni ya kweli.

Lakini tazama yaliyotokea Huruma, karibu na Mathare. Kambi Moto na vijiji jirani vilikaa juu ya ardhi ya Baraza la Jiji. Kulikuwa na wenye vibanda, baadhi yao wakiwa na vyumba vingi vya kupangisha, na kulikuwa na wapangaji ambao hawakumiliki hata bati moja. Kwa msaada wa shirika la Pamoja Trust, wakazi walijihesabu wenyewe nyumba kwa nyumba, majina yakawekwa hadharani ili jirani amkatae asiyekuwa mkazi na amtetee aliyesahauliwa. Kisha likaja jambo zito: wenye vibanda wakae sawa na wapangaji, kila familia nyumba moja, mwenye vyumba kumi naye nyumba moja. Mazungumzo hayo hayakuwa mepesi. Mtu aliyekuwa akila kodi ya vyumba kumi anaombwa aiache, na anayemwomba ni jirani yake, wala si hakimu. Walikubaliana. Mwaka 2003 wakaafikiana na Baraza la Jiji, kanuni za ukubwa wa viwanja zikalegezwa, na ujenzi ukaanza: nyumba zenye msingi wa takriban mita nne na nusu kwa nne na nusu, zikienda juu badala ya kutanuka, chumba cha chini kwanza, ghorofa baadaye mkopo ukilipika. Wakazi, wengi wao wanawake, walifinyanga wenyewe vipande vya zege vya sakafu.

Hakuna amri ya serikali ambayo ingemfanya mwenye vyumba kumi akubali nyumba moja bila kwenda mahakamani kwa miaka ishirini. Alikubali kwa sababu waliomwomba anawajua, majina yako ukutani, na kitabu cha akiba kiko wazi. Dawa ya wakubwa wa mtaa ni hiyo: majina ukutani na vitabu wazi. Kuwaondoa wakazi katika uamuzi hakumwondoi mkubwa wa mtaa, maana yeye atapata njia ya kufika ofisini hata mlango wa wengine ukifungwa.

Haya, atasema mtu, hiyo ni Kambi Moto, familia chache juu ya kipande kidogo cha ardhi ya umma. Mji hautengenezwi kwa vijiko. Jibu la hili ni Mukuru.

Mukuru kwa Njenga, Mukuru kwa Reuben na Viwandani zina kaya zaidi ya 100,000 katika eneo la ekari zisizopungua 600. Ardhi yake iligawiwa watu binafsi na kampuni katika miaka ya 1970 na 1980 kwa sharti la kujenga viwanda vidogo, na sehemu kubwa ya sharti hilo haikutimizwa. Kwa lugha nyingine, hapa hapakuwa na urahisi wa Kambi Moto hata mmoja. Mwaka 2017, baada ya miaka ya utafiti na madai yaliyofanywa na Muungano na washirika wake, serikali ya Kaunti ya Nairobi ilitangaza Mukuru kuwa eneo maalumu la upangaji. Maana yake kisheria: ujenzi mpya usimame kwa miaka miwili wakati mpango unatengenezwa, na mpango uzingatie hali halisi ya mahali badala ya kulazimisha kanuni za mitaa ya kifahari.

Kazi ikagawanywa kwa makundi manane: nyumba na miundombinu, maji na nishati, afya, elimu, ardhi na sheria, fedha, mazingira, na kundi la kuunganisha jamii. Mashirika na vyuo zaidi ya arobaini vilishiriki. Lakini lililonigusa ni jinsi wakazi walivyopangwa. Kaya kumi kumi ziliunda kikundi kilichoitwa Tujuane Tujengane, vikundi vikaungana kupanda juu hadi kupata sauti ya kijiji kizima. Hivyo ndivyo ilivyowezekana kuzungumza na kaya laki moja: kuanzia mlangoni, kaya kumi zinazojuana, kabla ya ukumbi wenye vipaza sauti.

Mfano mmoja wa faida yake. Kwa kanuni za kawaida, barabara za eneo kama hilo zingetakiwa upana ambao ungefuta sehemu kubwa ya nyumba zilizopo. Wakazi na wataalamu wa kupanga mji walikaa, njia kwa njia, wakaamua ipi iwe ya magari, ipi iwe ya mkokoteni na zimamoto, ipi ibaki ya miguu, ili familia chache iwezekanavyo zihame. Bomba la majitaka likapangwa la mfumo mwepesi, jembamba na lisilochimbwa kina kirefu, linalopita vichochoroni ambako lile la kawaida lisingeingia. Hili lilifanywa kwa mtaa wenye watu wengi kuliko miji mingi ya Kenya. Asirudi tena mtu na hoja ya kijiko.

"Basi bomoeni, mjenge maghorofa, mambo yaishe." Hii ndiyo hoja inayopendwa na wanaotaka picha nzuri. Ina miaka mingi mjini hapa na ina rekodi, tuitazame. Mradi wa kitaifa wa kuboresha mitaa ya mabanda, KENSUP, ulitokana na makubaliano ya serikali na UN-Habitat ya mwaka 2003. Ulianza na Soweto Mashariki, Kibera. Wakazi wa awamu ya kwanza walihamishiwa nyumba za muda Lang'ata mwaka 2009. Nyumba mpya, 822, zilikabidhiwa mwaka 2016. Miaka kumi na mitatu, nyumba mia nane na ishirini na mbili. Aliyepata ana bahati, na simwonei kijicho. Mei 2025 serikali ilikabidhi pia nyumba za kwanza za mradi mkubwa wa Mukuru, unaotarajiwa kuwa na nyumba zaidi ya 13,000. Hizo ni nyumba za kweli, na familia zilizoingia zina choo ndani kwa mara ya kwanza. Lakini kaya za Mukuru ni zaidi ya 100,000. Ukimaliza kujenga nyumba hizo zote, bado uko na watu wengi mno ambao leo jioni watakunywa maji ya mtungi, nao wanahitaji bomba katika uchochoro walio nao.

Na kubomoa kwenyewe hakungoji maghorofa. Mwishoni mwa mwaka 2021, tingatinga ziliingia Mukuru kwa Njenga kufungua njia ya barabara. Maelfu ya familia zilipoteza makao, na wengi walilala kwa miezi juu ya vifusi vya nyumba zao chini ya karatasi za plastiki. Hii ilikuwa ndani ya eneo lile lile lililotangazwa mwaka 2017 kuwa la kupangwa pamoja na wakazi. Mpango ulikuwapo, uliofanywa mlango kwa mlango. Aliyetuma tingatinga hakuufungua. Baada ya mafuriko ya Aprili 2024 ikaja amri ya kuwaondoa watu walio karibu na mito, na nyumba zikaanguka tena Mathare na Mukuru. Kukaa ukingoni mwa mto ni hatari, hakuna mkazi asiyelijua hilo, maana ndiye anayezika. Lakini kumwondoa mtu bila kumwonyesha pa kwenda ni kumhamishia kwenye ukingo mwingine.

Sasa hoja ninayoiheshimu kuliko zote, na inayotoka upande wangu: kwamba maneno haya matamu ya jamii kujiletea maendeleo ni njia ya serikali kutupa mzigo. Kwa nini mama wa Mukuru achange shilingi zake na jasho lake kwa bomba, wakati mkazi wa Lavington hakuchangia hata tofali kwa la kwake? Katiba ya 2010, Ibara ya 43, inampa kila mtu haki ya nyumba inayofaa, maji safi na mazingira ya usafi. Haki haipaswi kununuliwa kwa vibarua vya bure siku ya Jumamosi.

Nakubali karibu yote. Nimeona mikutano ambako "ushirikishwaji" ulimaanisha kuwapa watu majembe na fulana. Ikiwa hiyo ndiyo maana yake, basi wanavijiji wakatae.

Ila tenganisha kuongoza na kulipia. Karachi, katika mtaa wa Orangi, Akhtar Hameed Khan alianza mwaka 1980 kazi iliyoweka mpaka huo wazi: choo cha nyumbani na bomba la uchochoro viwe vya wakazi, kwa pesa zao na usimamizi wao, na bomba kuu pamoja na usafishaji wa majitaka viwe vya serikali. Bila upande wa pili, upande wa kwanza humwaga uchafu mtoni. Huko Hanna Nassif, Kinondoni, Dar es Salaam, katika miaka ya 1990, wakazi walichimba mifereji ya maji ya mvua na kutengeneza barabara kwa kazi za mikono, lakini kwa mikataba na kwa malipo, na serikali na wafadhili wakiwa na sehemu yao. Mukuru nayo iko hivyo. Wakazi walileta mpango, na kuanzia mwaka 2020, ilipoundwa Mamlaka ya Huduma za Jiji la Nairobi, barabara, visima na vituo vya afya vilivyoingia Mukuru vilijengwa kwa fedha za umma. Hakuna kikundi cha kaya kumi kilichoombwa kununua lami. Walichofanya ni kuhakikisha lami inapita mahali ambapo haifuti nyumba bila sababu. Huko ndiko kuongoza, na serikali inabaki na bili yake.

Imebaki ile ya mwisho: mtaa ukipendeza, kodi itapanda na maskini watafukuzwa na uzuri wa kazi yao wenyewe. Sina jibu la kuizima. Njia ikiwekwa lami na bomba likafika, mwenye chumba ataongeza mia tano mwezi ujao, na Mukuru wengi mno ni wapangaji.

Ninachojua ni kwamba jambo hili huamuliwa na umiliki wa ardhi, na limewahi kuamuliwa vingine. Huko Voi, katika mtaa unaoitwa Tanzania-Bondeni, wakazi mwanzoni mwa miaka ya 1990 walipewa nafasi ya kuchagua namna ya kumiliki, wakakataa kila mtu kuwa na hati yake. Walichagua ardhi iwe ya jumuiya, nyumba ziwe za watu. Ukiondoka unauza jengo ulilojenga, udongo unabaki kwa waliobaki, na mnunuzi mwenye pesa nyingi hawezi kumeza kijiji kiwanja kwa kiwanja. Haikuwa rahisi, maana sheria ya wakati huo haikuwa na mlango wa umiliki wa namna hiyo na ilibidi waunganishe sheria kadhaa ili waupate.

Mukuru bado haina mlango kama huo. Kwenye hati, ardhi kubwa ni ya watu waliopewa wajenge viwanda ambavyo hawakuvijenga. Kila mita ya bomba inayochimbwa leo inampandishia thamani mwenye karatasi hiyo, ambaye hajawahi kulala Mukuru hata usiku mmoja, kabla haijampandishia aliyesimama kwenye foleni ya mitungi. Wale wa kaya kumi kumi wanalijua hilo. Baada ya barabara na maji, ndilo wanalouliza katika kila kikao, na mpaka sasa aliyeketi upande wa pili wa meza huandika daftarini na kusema litaangaliwa.